Siku na Saa Hukaa Wapi katika Kiingereza?

Umekwisha kujua kusoma na kuandika Kiswahili. Pengine sasa umeanza Kiingereza. Leo tutazame jambo moja: maneno ya wakati, kama jana, Ijumaa au saa mbili.

Kiswahili hakina ukali. Unaweza kusema, "Jana nilinunua mbuzi." Unaweza kusema, "Nilinunua mbuzi jana." Hata ukisema, "Nilinunua jana mbuzi wawili," hakuna atakayekucheka. Kiingereza hakipendi hiyo ya tatu. Neno la kununua na neno mbuzi hutaka kukaa jirani. Kwa hiyo sema, "I bought a goat yesterday." Au weka jana mwanzoni: "Yesterday I bought a goat." Usiipenyeze katikati.

Ukitaja mahali pia, mahali hutangulia na wakati hufuata. "Mother went to the clinic on Monday." Mama alikwenda zahanati Jumatatu. Hapo hakuna shida.

Shida ipo kwenye saa. Sisi husema, "Jumatatu saa mbili asubuhi." Siku kwanza, saa baadaye. Wao mara nyingi hutanguliza saa: "at 8 o'clock on Monday." Tena angalia hiyo 8. Ni saa mbili yetu ya asubuhi! Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza na linapozama. Wao huanza usiku wa manane na adhuhuri. Ukiona 8, toa 6, unapata 2. Ukiona 3, ongeza 6, unapata 9. Mtu akiandikiwa 8 asubuhi kwenye kadi, naye akaenda saa nane mchana, huenda akamkuta mganga amekwisha ondoka.

Sasa tazama barua hii ya katibu wa kijiji: "The doctor said on Friday the medicine would come." Je, daktari alisema siku ya Ijumaa? Au dawa zitakuja Ijumaa? Huwezi kujua. Mama mwenye mtoto mgonjwa atatembea mpaka zahanati, na dawa hakuna. Kama Ijumaa ni siku ya dawa, ipeleke mwisho: "The doctor said that the medicine would come on Friday." Kama ni siku aliyosema daktari, ipeleke mwanzo: "On Friday the doctor said that the medicine would come." Kwa kweli hata katika Kiswahili makatibu wengi huandika, "Daktari alisema Ijumaa dawa zitakuja." Ni yale yale.

Kwenye pakiti ya dawa, wakati huandikwa mwisho. "Take 1 tablet 3 times a day." Hapo 1 ni kidonge, 3 ni mara kwa siku. Asubuhi kidonge kimoja, mchana kimoja, jioni kimoja. Asiyejua atameza vitatu kwa mkupuo, na hiyo ni hatari. Pengine utakuta maneno mengine mwishoni. "Before meals" ni kabla ya kula. "At bedtime" ni wakati wa kulala. Na kama mwandiko hausomeki, mwulize mganga hapo hapo, kabla hujaondoka kwenye dirisha la dawa.