Barabara Ipo, Mabasi Je?

Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu 5,383,728, na wengi wao hawana gari. Alfajiri wanatoka nyumbani kwa miguu hadi barabarani, wanapanda daladala, bajaji, bodaboda au mwendokasi, kisha wanamalizia kwa miguu tena hadi kazini. Ni biashara chache jijini zenye mteja wa uhakika namna hiyo: analipa taslimu, anarudi jioni, na kesho yuko kituoni tena. Hata hivyo, kwa miongo mitano jiji limehangaika kupata mfumo wa usafiri unaojilipa.

Shirika la mabasi ya umma la jiji, UDA, lilianzishwa 1974. Miaka michache baadaye mabasi yake hayakuwatosha watu, na mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi yabebe abiria kihalali. Daladala zikaziba pengo kwa fedha za wenyewe, jambo linalostahili heshima zaidi ya ile zinayopewa. Tatizo lao liko kwenye hesabu. Kila jioni dereva na konda humpelekea tajiri kiasi walichokubaliana, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chao. Kwa hiyo gari litasubiri lijae, litakimbizana na lingine kituoni, litakata ruti foleni ikizidi, na mwanafunzi mwenye nauli yake ndogo ataambiwa hakuna nafasi. Lawama huenda kwa dereva, lakini mpangilio huo wa malipo ungemfanya mtu yeyote aendeshe vivyo hivyo.

Mabasi yaendayo haraka, yaani mwendokasi, yalikuja kubadilisha mpangilio huo. Awamu ya kwanza, kilomita 21 zinazounganisha Kimara, Kivukoni, Kariakoo na Morocco, ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na ikaanza kubeba abiria Mei 2016 kwa mabasi 140. Safari ya Kimara hadi Kivukoni, iliyokuwa ikila saa mbili kwenye foleni, ilishuka hadi dakika 45 hivi. Jiji likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya 2018, la kwanza Afrika kuipata, na lilistahili.

Kisha mambo yakaanza kulegea, na zege halikuwa na kosa. Mwendeshaji, UDART, aliingia kwa huduma ya mpito huku mwendeshaji wa kudumu akisubiriwa, na kusubiri huko kukawa kwa miaka. Mabasi ya nyongeza yaliyoingia nchini 2018 yalikaa muda mrefu bila kufanya kazi kwa sababu ya mvutano wa ushuru. Karakana ilijengwa Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi ambalo kila mwana Dar anajua kwamba masika hujaa maji. Mafuriko yaliingia, na mabasi yakaharibika. Yaliyobaki yakabeba mzigo wa yote. Abiria aliyekuwa ameacha daladala akajikuta anasukumana mlangoni Kimara kama zamani, ila sasa ana tiketi mkononi.

Awamu ya pili, ya Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, yenye kilomita 20 hivi na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilitoa funzo lilelile kwa gharama kubwa zaidi. Vituo vilisimama vitupu kwa muda mrefu huku wakazi wa Mbagala wakiendelea kuning'inia milangoni mwa daladala pembeni yake. Mabasi yalianza kazi 2025, chini ya kampuni binafsi ya Kitanzania, Mofat. Mkopo haungoji basi lipatikane; kila mwezi barabara inapokaa bure, mlipakodi analipia kitu asichokipanda.

Dakar ilijipanga vingine. Njia yake ya kilomita 18.3 ilianza kubeba abiria Mei 2024 kwa mabasi 121 ya umeme mtupu. Kampuni ya Ufaransa ya Meridiam na mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Senegal waliunda kampuni ya uendeshaji wakati ujenzi ukiendelea, na mwekezaji ndiye aliyebeba jukumu la kununua mabasi. Dar es Salaam haina sababu ya kuiga umeme kwa pupa. Mabasi ya Mbagala yanatumia gesi asilia, ambayo jiji limekuwa likiipokea kwa bomba kutoka Songosongo tangu 2004, na bajaji nyingi na teksi za mtandaoni zimekwisha kubadilishwa mfumo ili ziitumie. Gesi nayo ni nishati ya kisukuku, lakini inachimbwa nyumbani na haihitaji dola kila meli inapotia nanga.

Lakini faida ya basi huamuliwa kabla abiria hajalifikia, na hapo ndipo wapangaji wamekuwa wabahili. Mtu wa Manzese au Magomeni hutembea kwenda kituoni kupitia vichochoro visivyo na taa, kando ya mitaro iliyo wazi, na mvua ikinyesha hukunja suruali. Akichoka na hali hiyo hupanda bodaboda, na nauli yake ya siku huongezeka kabla hajaliona basi. Barabara ya Morogoro, ile ya awamu ya kwanza, ilipojengwa upya ilipewa njia pana za miguu na baiskeli, lakini sehemu nyingi zimevamiwa na pikipiki, magari yaliyoegeshwa na meza za biashara. Wachuuzi wakiondolewa, kama ilivyofanyika 2021, hurudi, kwa kuwa pale ndipo mteja anapopita. Kuwapimia nafasi kando ya njia kungegharimu kidogo kuliko kuwafukuza kila mwaka.

Baiskeli nayo inadharauliwa bure. Muuza maziwa, mkaa au samaki wa soko la Feri anaitumia kama gari la mzigo lisilotaka mafuta wala leseni, na kila siku anahatarisha maisha akipishana na malori. Kilomita moja ya njia salama ya baiskeli ni sehemu ndogo sana ya bei ya kilomita moja ya barabara ya juu. Nairobi ilijenga barabara ya kulipia ya kilomita 27, ikafunguliwa 2022, na anayetembea chini yake kwenda kazini hakupata cha maana.

Wenye daladala nao wasisahauliwe. Johannesburg iliwapa wamiliki wa teksi zilizoondolewa barabarani hisa katika kampuni ya mabasi ya Rea Vaya. Hapa UDART ilianza kwa ubia wa UDA na vyama vya wenye daladala, wazo zuri lililopaswa kuendelezwa hadi kwenye mabasi mlisho ya mitaani, ambako wanajua kila kona.

Njia za Gongo la Mboto na Tegeta ni zamu inayofuata. Serikali isipokee barabara kutoka kwa mkandarasi kabla mkataba wa mwendeshaji haujasainiwa, na bajeti ya kila kituo itenge fedha za taa, mitaro na njia ya miguu hadi umbali wa kilomita moja. Bila hayo mawili, mkopo wa awamu nyingine yoyote usisainiwe.