Goma: Walikimbia Nyiragongo pamoja, lakini kila mumoja anakumbuka yake

Siku ya posho tarehe 22 mwezi wa tano 2021, mangaribi, mulima Nyiragongo ulitapika moto. Wakaaji wengi wa Goma walikimbia, wengine kuelekea Gisenyi, wengine njia ya Sake. Leo ndugu wawili waliotoka nyumba moja usiku ule wanaweza kubishana: mumoja anasema ni mama aliwaambia watoke, mwingine anasema ni jirani. Nani anadanganya? Mara nyingi, hakuna.

Jambo tulilopitia halibaki ndani ya ubongo kama video ndani ya simu. Sura za watu, sauti, harufu na woga, kila kimoja kina fasi yake. Kiungo kidogo kinachoitwa hipokampo, kilicho pande zote mbili za ubongo, ndicho kinaviunganisha.

Kazi yake ilijulikana kupitia Mumarekani Henry Molaison. Mwaka wa 1953 munganga alimupasua ili kupunguza kifafa, akatoa sehemu kubwa ya kiungo hicho. Mpaka kufa kwake mwaka wa 2008, Molaison aliongea vizuri na kukumbuka utoto wake, lakini mambo mapya aliyopitia hayakubaki tena.

Tunapokumbuka, ubongo unakusanya vipande upya. Kimoja kikikosekana, unaweza kuziba pengo kwa yale tuliyosikia kwa wengine ama kuona katika picha.

Mwaka wa 1986, chombo cha Marekani Challenger kilivunjika angani na watu saba ndani. Kesho yake, mutaalamu Ulric Neisser wa chuo kikuu cha Emory aliomba wanafunzi waandike namna walivyopata habari ile. Miaka miwili na nusu kisha, 44 kati yao waliulizwa tena. Watu 11 walikosea mambo yote makubwa, na wengi walisema wana hakika. Hata walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe, kumbukumbu ya kwanza haikurudi.

Kwetu hapa, ambako wengi wanaombwa kutoa ushuhuda juu ya vita na mauaji, jambo hili ni zito. Shahidi akikosea saa ama rangi ya nguo, hiyo peke yake haionyeshi kwamba anadanganya. Na akiwa na hakika, hiyo peke yake haitoshi.

Ukiona jambo kubwa, andika siku ile ile, mbele ya kuongea na wengine: saa, fasi, uliyoona kwa macho yako na uliyoambiwa. Kisha weka karatasi ile mahali salama.