Mguu baridi kwa ghafula: usingoje asubuhi

Ndugu mfanyakazi, umerudi kutoka kazi ya usiku, umevua buti, na mguu mmoja umeanza kuuma vikali, bila kuanguka wala kugongwa. Uguse, kisha uguse mwenzake. Huu ni baridi, ule una joto. Unyayo umepauka. Vidole vinakufa ganzi. Weka kidole juu ya mguu, pale mshipa unapopiga: upande mmoja unapiga, upande wa pili kimya.

Usiseme ni uchovu. Donge la damu limeziba mshipa mkubwa unaoleta damu mguuni. Nyama isiyopata damu huanza kufa, na masaa 6 yakipita hatari ya kukatwa mguu ni kubwa sana.

Donge lile mara nyingi linatoka moyoni, kwa mtu ambaye moyo wake unapiga bila mpango, au mwenye moyo ulioharibiwa na homa ya viungo tangu utoto. Kwa wengine mshipa umefinywa miaka mingi na sigara au ugonjwa wa sukari. Huyu alikuwa akitembea kidogo, ndama ya mguu inauma; akisimama, inanyamaza. Alifikiri ni uzee!

Mama, bwana akipatwa hivi nyumbani, usikande mguu kwa maji ya moto: ngozi isiyosikia itaungua naye hatajua. Usiusugue. Usiuinue juu ya mito, maana damu kidogo iliyobaki itashindwa kupanda. Na chale, hapana kabisa, utaona sababu.

Hospitalini kuna njia mbili. Munganga mpasuaji anaweza kuvuta donge kwa mrija wenye puto dogo kwenye ncha, chombo kilicholetwa na Mmarekani Thomas Fogarty mwaka 1963. Njia ya pili ni kuyeyusha donge. Mwaka 1974 Charles Dotter, wa Portland kule Marekani, alieleza jinsi ya kutia dawa ya streptokinase kidogo kidogo ndani ya donge lenyewe, badala ya kuimwaga mwilini mwote. Leo wanganga wengi hutumia alteplase.

Wanatoboa kinena, mara nyingi cha mguu mzima, na kupitisha mrija mwembamba wakiufuata kwa picha za radio mpaka ufike kwenye donge. Dawa inatiririka polepole, pengine siku nzima au mbili. Mgonjwa analala, hakunji mguu. Njia ikifunguka, picha inaonyesha pale mshipa ulipofinywa, napo panatengenezwa.

Kwa hiyo ni dawa ya polepole. Vidole vikiwa haviwezi tena kusogea, hakuna nafasi ya kuingoja; ni kisu. Tena si kila hospitali ina vyombo hivyo.

Hatari yake ni kutokwa damu, hata ndani ya ubongo. Chale za jana zitatoka damu. Mwambie munganga kama ulipasuliwa karibuni, kama ulipata kiharusi, kama choo kimekuwa cheusi. Na lile jiwe lililokupiga kichwani wiki iliyopita, ambalo hukumwambia kapita, hapa uliseme.

Kabla ya kutoka nyumbani, tazameni saa. Munganga atauliza kwanza maumivu yalianza saa ngapi.