Nguo Zilizonunua Kisiwa

Hapa kwetu Uluguru ukimwuliza mzee wa Kinole habari za Kingalu, atakuanzia na mvua. Jina hilo hurithiwa, kwa hiyo mambo ya Kingalu watatu au wanne huweza kubebeshwa mmoja. Kijana wa sekondari akisikia husema, "Hizo ni ngano tu."

Haya, twendeni Kilwa. Mwanzoni mwa karne ya 16 mtu tusiyemjua jina aliandika kwa Kiarabu tarehe ya wafalme wa huko. Nakala iliyobaki ilinakiliwa mwaka 1877, Sultani Barghash akampa Balozi John Kirk, na leo iko London. Mreno João de Barros alichapa masimulizi yanayofanana nayo mwaka 1552.

Na ngano zimo! Mfalme wa Shirazi anaota panya mwenye pua ya chuma akitoboa kuta. Anaondoka na wanawe sita kwa majahazi saba. Mmoja, Ali bin Hasan, anafika Kilwa na kukinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Mwenyeji anapokea nguo, anavuka bara, kisha anarudi kumpiga mnunuzi. Loo! Kivuko kimekwishachimbwa, anangoja maji yapwe, hayapwi.

Hata Waingereza wanaye Mfalme Arthur, aliyepambwa kwa Kilatini na Geoffrey wa Monmouth katika karne ya 12. Lakini sarafu za Arthur hatuna. Za Ali bin al-Hasan zimechimbuliwa, pamoja na zile za Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984. Sultani al-Hasan bin Sulaiman naye alionwa na Ibn Battuta mwaka 1331, na jina lake limekutwa Husuni Kubwa. Na mwaka 2023 wataalamu waliopima mifupa ya makaburi ya pwani walikuta damu ya Uajemi upande wa akina baba, na ya Kiafrika upande wa akina mama, ikichanganyika tangu mwaka 1000 hivi.

Kwangu mimi, panya si kitu. Nguo ndizo za kutazama. Mwandishi yule alishika kalamu baada ya Wareno kuivamia Kilwa mwaka 1505, wakiweka na kuondoa watawala wapendavyo. Mwenye kiwanja chenye mgogoro pale Kihonda ataelewa mara moja kwa nini alianza na habari za bei.