Je, Wajua? Mbunge Ana Deni kwa Nani

Je, wajua kwamba vyama vingi vilirudi Tanzania ingawa wananchi wengi walioulizwa hawakuvitaka? Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, izunguke nchi nzima ikiuliza swali moja zito: chama kimoja au vingi? Takriban watu 80 katika kila 100 walitaka chama kimoja kibaki. Tume iliyaandika majibu hayo kama yalivyo, kisha ikapendekeza vyama vingi. Ikaorodhesha pia sheria 40 ilizoona ni kandamizi. Julai 1992 mfumo mpya ukaanza. Naiheshimu tume ile kwa sababu haikuchezea hesabu ili ipate jibu ililolitaka. Iliwaambia watu: mmesema hivi, nasi tunashauri vile, na sababu zetu ni hizi.

Wajua hotuba inayotajwa kila wabunge wanapojadili dhamiri? Ni ya Edmund Burke, Novemba 1774, mbele ya wapiga kura wa Bristol, Uingereza. Aliwaambia kwamba mbunge anadaiwa na watu wake uamuzi wake mwenyewe, si bidii yake tu. Alitimiza alichosema: akaunga mkono kulegezwa kwa masharti ya biashara na Ireland, jambo lililowachukiza wafanyabiashara wa Bristol. Mwaka 1780, alipoona kura haziji, akajitoa kwenye kinyang'anyiro.

Kinachosahaulika ni kwamba Burke aliyasema maneno yale baada ya kutangazwa mshindi.

François Mitterrand wa Ufaransa alitangulia kusema. Machi 1981, akiwa bado anaomba kura za urais, aliulizwa kwenye televisheni kuhusu adhabu ya kifo. Kura za maoni zilionyesha Wafaransa wengi wanaitaka iendelee. Akajibu kwamba yeye anaipinga kwa dhamiri yake, na wajue hivyo. Mei wakamchagua, na Septemba mwaka huohuo sheria ya kuifuta ikapita. Kwangu mimi huu ndio mfano ulio safi kuliko yote: mpiga kura alijua anachokinunua.

Wajua kura ya peke yake inavyokuwa? Tarehe 8 Desemba 1941, siku moja baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipigia kura vita. Waliokubali 388. Aliyekataa mmoja: Jeannette Rankin wa Montana, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la nchi hiyo. Alikwisha kukataa vita mwaka 1917 pia, lakini safari ile wenzake walikuwa 49. Safari hii alipotoka ukumbini watu walimzonga hadi akajifungia ndani ya kibanda cha simu, akawaita polisi wa Bunge waje wamsindikize. Hakugombea tena uchaguzi uliofuata. Unaweza kuamini kwamba alikosea, na wengi waliamini hivyo, lakini hakuna aliyebaki na shaka alisimama wapi.

Wakenya nao wana mtu wao. Bildad Kaggia, aliyehukumiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta mwaka 1953, aliingia bungeni kwa kiti cha Kandara na kuendelea kudai ardhi kwa wasio na ardhi. Mwaka 1965, hadharani, Kenyatta alimsuta: wenzako tuliofungwa nao wamejitengenezea maisha, wewe umejifanyia nini? Kaggia hakubadilika. Mwaka uliofuata alijiunga na chama cha KPU cha Jaramogi Oginga Odinga. Katiba ikarekebishwa upesi ili wabunge waliohama warudi kwa wapiga kura, na katika uchaguzi wa Juni 1966 Kaggia akatangazwa kushindwa Kandara. Baadaye aliendesha mashine ya kusaga mahindi. Alifariki mwaka 2005 bila utajiri. Kila nikimsikia kiongozi akisema siasa haina watu wa namna hiyo, namkumbuka yeye.

Wajua kwamba Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inakataza mbunge kupewa amri na waliomchagua? Ibara ya 101 inasema anawakilisha taifa zima, na agizo lolote la kumfunga mikono ni batili. Ibara ya 110 inamwambia akikihama chama kwa hiari yake, kiti amekiacha. Tanzania pia, ukipoteza uanachama ubunge umekwisha. Kwa hiyo kabla ya kumuuliza mbunge anafuata dhamiri au wananchi, tumuulize kwanza nani anashika kadi yake.

Kenya iliwapa wapiga kura haki ya kumrudisha mbunge nyumbani, Ibara ya 104 ya Katiba ya 2010. Sheria ya uchaguzi ikaweka masharti: sahihi za asilimia 30 ya waliojiandikisha katika eneo bunge, tena si kabla ya miezi 24 tangu uchaguzi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu muhimu vya sheria hiyo kuwa kinyume cha Katiba. Hakuna mbunge aliyewahi kurudishwa.

Na Tanzania, je, rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Joseph Warioba? Ilitokana na maoni ya wananchi, ikawa na haki hiyohiyo na ukomo wa vipindi vya ubunge. Mwaka 2014 ilipelekwa kwenye Bunge Maalum, ambamo wabunge wote waliokuwa madarakani walikuwa wajumbe. Vyote viwili havikuonekana katika Katiba Inayopendekezwa. Hapo mwamuzi alikuwa anaamua juu ya kiti chake mwenyewe, na neno dhamiri halipaswi kutumika kufunika jambo kama hilo.

La mwisho: wajua kwamba bungeni Dodoma mambo mengi huamuliwa kwa sauti? Wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Ndani ya mvumo ule huwezi kujua wako kasema nini. Bajeti ya Serikali ni tofauti: majina huitwa moja moja, na kila mmoja hujibu.

Mwaka mmoja niliisikiliza kura hiyo redioni kwa shangazi yangu, yeye akichambua mchele kwenye ungo. Jina la mbunge wetu likaitwa. Kimya. Baadaye likaitwa tena, kimya vilevile, wakaendelea na wengine. Shangazi akaacha kuchambua, akaniangalia.

"Sasa huyu wetu," akauliza, "ni ndiyo au siyo?"