Dawa, Mabaki na Tuhuma: Istilahi za Uchunguzi wa Maiti

Katika ripoti za Marekani kuhusu watu wanaotuhumiwa kuumiminia umati risasi, aghalabu hupatikana ukurasa wa vipimo vya maabara: damu, mkojo, pengine na maji ya jicho la marehemu vimepimwa ili ijulikane alikuwa amekunywa au kumeza nini. Habari hizo hufasiriwa upesi kwa ajili ya magazeti na redio, na kosa moja la istilahi laweza kumpachika maiti, na jamaa zake walio hai, jambo ambalo maabara haikulisema.

Neno linaloponza zaidi ni dawa. Kiingereza hutumia neno moja kwa kidonge cha hospitali na kwa kokeini. Kiswahili kimevitenga: dawa huku, dawa za kulevya kule, au mihadarati kama wasemavyo wenzetu wa Kenya. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inayohusu udhibiti wa vitu hivyo nayo imeshika dawa za kulevya. (Vita dhidi ya “madawa” hatutaimaliza katika makala haya.) Basi mfasiri hana budi kuuliza kwanza ni kitu gani kilichoonekana.

Tuchukue shambulio la shule ya Columbine, Colorado, la tarehe 20 Aprili 1999. Katika mwili wa Eric Harris ilionekana fluvoksamini, dawa inayoandikwa na madaktari kwa maradhi ya akili, tena kwa kiwango cha tiba. Katika mwili wa mwenziwe hakikuonekana kitu. Aandikaye kwamba Harris “alikutwa na dawa za kulevya” amepotosha. Aandikaye kwamba dawa hiyo “ilimfanya aue” amepotosha zaidi, kwa kuwa kipimo hueleza kuwapo kwa kitu, wala hakielezi sababu ya tendo.

Mfano wa Stephen Paddock una mtego mwingine. Tarehe 1 Oktoba 2017, mjini Las Vegas, aliwapiga risasi watu waliokuwa kwenye tamasha la muziki. Waliokufa ni 60, tukiwahesabu waliofariki baadaye kwa majeraha yao. Katika mkojo wake yalionekana majina matatu: nordiazepamu, oksazepamu na temazepamu. Msomaji atadhani alimeza dawa tatu. Lakini zote tatu huzalika mwilini pale diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, inapovunjwavunjwa. Nayo diazepamu alikuwa ameandikiwa na daktari mwaka huohuo. Kinachotatiza ni kwamba temazepamu na oksazepamu huuzwa pia kama dawa zenyewe. Kwa vitu vya namna hii twapendekeza mabaki ya dawa, na yatajwe daima pamoja na mahali yalipoonekana. Mkojo huhifadhi habari za siku zilizopita, ilhali damu hukaribia zaidi kueleza hali ya mtu saa ya kufa kwake.

Tumesema hukaribia, kwa sababu damu ya maiti haitulii. Baada ya kifo, baadhi ya dawa huvuja kutoka kwenye ini na mapafu na kuingia katika damu ya moyo, na kiwango kikaonekana kikubwa kuliko kilivyokuwa. Ndiyo maana waganga hupendelea damu ya mshipa wa paja. Mfasiri aliyeona maneno “ya paja” kuwa ni ziada akayafuta, amefuta nusu ya maana.

Majibu yasiyo na kitu nayo yana adabu yake. Adam Lanza, aliyeshambulia shule ya Sandy Hook mwaka 2012, hakuonekana na pombe wala dawa. Kusema “majibu yalikuwa hasi” hutia shaka katika Kiswahili, maana wengi husikia kuwa majibu yalikuwa mabaya. Bora kusema hakikuonekana. Hata hakikuwapo tusingelikubali, kwa kuwa maabara huona tu vile ilivyovitafuta.

Upimaji wenyewe umezoea kuitwa “uchunguzi wa sumu”. Jina hilo humfanya msomaji adhani kuwa marehemu alilishwa sumu. Twaonelea upimaji wa kemikali mwilini unafaa zaidi, na fani yenyewe ibaki toksikolojia.

Yabaki majina ya mtu mwenyewe. “Muuaji wa halaiki” tusimwite, kwa kuwa mauaji ya halaiki yamekwisha kutwaa maana ya kuangamiza kabila au taifa. Mshambuliaji wa umati yatosha. Tena, maadamu uchunguzi haujakamilika, yeye ni mtuhumiwa, au mshukiwa kwa desturi ya Kenya. Mshtakiwa hawezi kuwa kamwe, kwani maiti haisomewi mashtaka.