Nairobi hadi Marsabit kwa nduthi, siku moja tu

Kila tuliposimama tuliulizwa swali moja: kwani basi zimeisha? Mama wa chai Sagana aliuliza, kijana wa petroli Nanyuki akauliza, na mzee mmoja Isiolo hakuuliza, alicheka tu. Ni haki yao. Kutoka Nairobi hadi Marsabit ni zaidi ya kilomita 500, na mabasi ya usiku yapo. Nani mwenye akili timamu atabebana na mwenzake juu ya nduthi ya sisi 150, ile ile ya kubebea watu na magunia ya viazi Githurai?

Beshte yangu alikuwa na sababu yake. Mwezi huo alikuwa amemaliza kulipa mkopo wa pikipiki na logibuku ikatoka kwa jina lake. Mzee wake, huko Marsabit, aliwahi kuuza ng'ombe wawili ili kijana asome Nairobi. Kijana akaacha kozi katikati, akaingia steji. Tangu siku hiyo wakiongea kwa simu ni salamu, mvua, mifugo, basi. Mimi pia niliacha chuo, kwa hivyo ukimya wa aina hiyo naujua, hauhitaji kutafsiriwa. Jamaa alitaka mzee aione nduthi kwa macho yake, na hakuna vile ungepanda basi ukaeleza nduthi kwa mdomo.

Tulitoka saa kumi usiku. Barabara ya Thika saa hiyo ni malori na matatu za kwanza, na sisi pembeni na makoti yetu ya kuakisi mwanga kama wafanyakazi wa kaunti. Mpaka Karatina hakuna la kusimulia isipokuwa baridi, na Karatina penyewe soko lilikuwa limeshachangamka kabla jua halijatoka. Nanyuki tulipita ule ubao wa ikweta ambao kila mtu hupiga picha. Tulipiga pia, tusidanganyane.

Baridi yenyewe ilikuwa Timau. Ukiona mashamba ya ngano pande zote na Mlima Kenya umekukalia kulia, jua uko juu sana, na upepo unapita kwa jaketi kana kwamba hukuvaa kitu. Vidole vyangu vilikufa ganzi na mimi hata sikuwa nashika klachi. Halafu barabara inaanza kushuka. Inashuka na kushuka, na ndani ya nusu saa hivi unavua sweta, kisha skafu, na ukifika Isiolo unatafuta maji. Sijui sehemu nyingine ya Kenya ambapo mwili wako unahama hivyo haraka.

Isiolo tulikaa muda mrefu. Jamaa alikaza cheni, ambayo ilikuwa imelegea kwa uzito wetu wawili, akajaza tangi, akabeba lita 2 za ziada kwa chupa. Mimi nikaenda kuwatazama akina mama wanaouza maziwa ya ngamia kwa mitungi. Mengine yanasafirishwa hadi Eastleigh. Nilikunywa kikombe kimoja. Yana moshi na chumvi kidogo, na yanakata kiu kuliko soda yoyote.

Hapo ndipo beshte aliniambia, "Sasa tunatoka Kenya." Sio mzaha aliotunga. Kwa miaka mingi lami ilikomea Isiolo, na watu wa kaskazini wakisafiri kuja huku chini walikuwa wanasema wanaenda Kenya. Akiwa mtoto alipanda lori, juu ya mbuzi, siku mbili kwa vumbi na mawe, na magari yalikuwa yanangojana ili yasindikizwe na askari kwa sababu ya majambazi. Leo lami imenyooka hadi Moyale, kilomita 500 kutoka Isiolo, na ni laini kuliko barabara nyingi za mtaa wetu.

Lakini kuna kitu lami haijafikia. Kwenye kizuizi kimoja afande alitusimamisha. Akaniangalia mimi, akamwangalia rafiki yangu, akasema, "Wewe, kitambulisho." Mimi sikuulizwa chochote, na mimi ndiye niliyekuwa mgeni. Jamaa alikitoa bila kusema neno, kilikuwa tayari mfuko wa kifuani. Tulipotoka hapo nilikuwa nimekasirika kuliko yeye. Akaniambia alizungushwa miaka miwili kukipata, akaitwa mbele ya wazee wathibitishe yeye ni Mkenya, na bila hicho kitambulisho hakungekuwa na laini ya simu, leseni wala mkopo wa nduthi. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kufutwa kwa msasa huo wa ziada kwa watu wa kaskazini. Wa barabarani haukutajwa.

Ukivuka Ewaso Nyiro na kupita Archer's Post, nchi inafunguka. Ololokwe unauona mbali, mlima wenye kichwa bapa, na unaendesha saa nzima ukidhani hausogei. Hapo Merille na Laisamis shida si joto pekee, ni upepo wa ubavuni. Nduthi inaegemea upande mmoja kama mlevi anayejaribu kutembea wima. Kaunti hii ndiyo yenye mitambo 365 ya umeme wa upepo karibu na Ziwa Turkana, na baada ya siku ile sihitaji mhandisi anieleze kwa nini waliichagua. Ngamia nao wanavuka wakijisikia. Ukipiga honi wanakuangalia tu.

Halafu ghafla kunakuwa kijani. Mji wa Marsabit umekaa juu ya mlima wa volkeno wenye msitu na ukungu, katikati ya jangwa. Ndiko alikoishi Ahmed, yule ndovu wa pembe ndefu ambaye Mzee Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais mwaka 1970, hadi akafa 1974. Tuliingia saa kumi na moja jioni, nyuso zetu nyekundu kwa vumbi.

Mama yake alitoka kwanza. Nagaa, nagaa, salamu zikaenda zikarudi, akamshika kichwa kama anahesabu kama kuna kipande kimepotea. Mimi nikapewa kiti na chai.

Mzee alikuja baadaye kutoka msikitini. Akaizunguka nduthi mara mbili. Akainama akagusa cheni, akafuta mafuta kwa kidole.

"Deni imebaki ngapi?"

"Hakuna, baba."

Jamaa akampa logibuku. Mzee aliisogeza mbali na macho, akasoma jina polepole mpaka mwisho, majina yote matatu, la tatu likiwa lake. Akaikunja, akairudisha.

"Kesho alfajiri utanipeleka msikitini," akasema. "Na usikimbize."